Daftari la Zamu na Minara ya La Défense

Jumatatu, 16 Juni 2025

Moto! Ghala la Al Quoz hapa Dubai, geti namba mbili, kibanda hakina hata feni. Lakini leo msimamizi wetu Mohannad kaleta habari. Kampuni ya Kifaransa inafungua ofisi kwenye mnara wa Business Bay, inataka mlinzi mmoja wa mapokezi. Kiti! Kiyoyozi! Chumba cha peke yako badala ya kitanda cha juu kambini! Ijumaa madam wao atatuuliza habari za La Défense, mtaa wa minara ya biashara pembeni ya Paris, yaliko makao yao makuu. Anataka mlinzi anayejua wageni wake wanatoka wapi.

Tumependekezwa wawili. Mimi, Kondo, mtu wa Handeni, miaka minne getini. Na Lukman, Mganda wa zamu ya usiku, miezi minane tu. Ana mwandiko mzuri. Ana meno mazuri. Hata sare hii ya kampuni, ambayo mimi inanining'inia, yeye inamkaa. Namwonea wivu, naandika wazi, shajara ni yangu.

Mohannad kanipa kijitabu cha La Défense, kimoja tu. Akasema yalla, haya fanya upesi, soma mchana, jioni mpe Lukman. Nikasema inshallah. Simu na makaratasi hayaruhusiwi getini, isipokuwa daftari la zamu. Basi nikanakili yote humo, kurasa tatu, kisha kijitabu nikakitupa pipani. Gari la taka limekibeba saa tisa. Lukman atasoma upepo!

Jumanne, 17 Juni

Mjinga mimi! Mlinzi anayeingia zamu lazima asome yote aliyoandika anayetoka, kisha atie sahihi. Sheria nimeitii miaka minne, jana nikaisahau. Lukman kasoma kurasa zote tatu na kuzikariri kama anavyokariri namba za magari. Chini kaandika kwa ule mwandiko: Nimesoma, nimeelewa. Asubuhi kanishukuru mbele ya basi zima la kampuni. Kaniita kaka mkubwa, eti hajaona mtu mwenye roho kama yangu. Watu wakapiga makofi. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kuchana siwezi. Kurasa zina namba, ukichana mmoja, khalas, kazi imekwisha, unapandishwa ndege kurudishwa kwenu.

Dawa nimeipata. Leo nimeandika "nyongeza". Kwamba lile Tao Kubwa, jengo lao lenye uwazi katikati, mto unapita ndani yake. Kwamba wafanyakazi wote, zaidi ya laki moja, hulala humo humo mtaani. Kwamba juu ni magari, waenda kwa miguu wako chini. Yote kinyume na ukweli. Kula hiyo, Lukman!

Jumatano, 18 Juni

Daftari limejaa wino mwekundu. Lukman kasahihisha kila uongo, na saa kaandika. "Kaka Kondo, nadhani joto lilikuchosha. Juzi uliandika mto uko mbali kidogo na Tao. Magari na treni ni chini, watu juu. Nimerekebisha usije ukakosea mbele ya madam."

Usije ukakosea! Bora angenitukana.

Mohannad alikuja kukagua, akasoma yote. Akaniuliza kama nakunywa maji ya kutosha. Kaniachia katoni nzima.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeshinda nikirudia kichwani. Yangu, yake, yangu, yake. Sasa sijui ipi ni ipi. Daftari lipo mbele yangu ila kufungua ule wino mwekundu siwezi. Heshima!

Ijumaa, 20 Juni

Business Bay. Marumaru, baridi ya kupendeza, kiti cha ngozi. Nilikiangalia kile kiti kama mchumba.

Madam kaniuliza La Défense inakuwaje ikifika jioni. Nikajibu watu wanalala. Akauliza wapi. Nikasema kwenye Tao. Akasema yeye kafanya kazi pale miaka tisa, je, alikuwa akilala wapi? Nikasikia mdomo wangu ukijibu: ndani ya mto.

Akaingia Lukman. Akaeleza kwamba asubuhi treni humwaga umati, jioni huuzoa, na ule uwanja mpana unabaki wazi, ndiyo maana mlinzi wa pale lazima ajue sura za watu. Akamaliza kwa kusema yote kafundishwa na kaka Kondo. Madam akaguswa. Lukman kapewa kiti. Mimi kalamu yenye nembo ya kampuni.

Jumatatu, 23 Juni

Jana Lukman kaniita chumbani kwake kula wali. Ana dirisha. Ana kiyoyozi cha rimoti! Kaniachia niishike rimoti. Nimekula sahani tatu kwa hasira.

Leo zamu ya usiku kaletwa Ramathan, Mganda mwingine, mpole, anasema madam na sir hata kwa paka. Kituko: kazoea vitabu vya Kiarabu vya madrasa, hata daftari la zamu analifungua kwa nyuma. Tumemcheka sana.

Mohannad kasema kwenye mnara ule ule wanakuja Wajerumani kutoka mtaa wa mabenki wa Frankfurt, nao wanataka mlinzi mmoja. Kanipa kijitabu nisome na Ramathan. Safari hii nimetumia akili. Nimenakili yote kwa kalamu ya Wafaransa, kijitabu nikakitupa. Lakini si katikati ya daftari! Nimeandika kurasa za mwisho kabisa, kule nyuma, ambako hakuna atakayefika kabla ya Desemba.