Vijana Waondolewe kwenye Hosteli ya Vijana

Regensburg, Jumanne, baada ya kifungua kinywa

Kwa Bwana Korbinian Zeitler,
Baba wa Hosteli ya Vijana ya Kisiwani.

Mheshimiwa Baba (nakuita baba kwa kuwa ndicho cheo chenu wasimamizi wa hosteli, ingawa mimi nilikuwa naezeka paa za watu wewe bado unanyonya),

Anayekuandikia ni mtu aliyezunguka Ulaya nzima kwa miguu, begi mgongoni, akalala katika hosteli za vijana kuanzia Lisboni hadi Helsinki. Basi, tuseme nusu ya Ulaya. Haya, tuseme ukweli: nimelala katika hosteli moja, hiyo yako, na kwa miguu nimevuka daraja tu.

Nimepata ujumbe wako wa jana, kwamba nisikanyage tena chumba namba nne. Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Naomba kwa heshima nirudishiwe kitanda changu, na hoja zangu ni hizi:

1. Unasema hosteli ni ya wasafiri, na mimi si msafiri kwa kuwa nyumba yangu inaonekana kutoka dirishani kwako. Ulilitangaza jambo hilo pale mapokezi mbele ya wageni, kidole kimenyooka: "Huyu mzee kwake ni pale ng'ambo! Hata suruali zake za ndani naziona kwenye kamba!" Bwana Zeitler, safari haipimwi kwa umbali, inapimwa kwa begi. Nilivaa begi. Nilishika ramani, tena nikaigeuza juu chini kama wafanyavyo wageni. Darajani nilimuuliza mama mmoja njia, kwa bahati mbaya akawa ni jirani yangu Kreszentia, akanijibu, "Alois, umeanza kunywa saa hizi? Hebu rudi nyumbani!" Sasa niambie, msafiri gani hatukanwi na wenyeji?

2. Taulo. Wewe ni mtu wa hapa, huhitaji kufundishwa: taulo likishatandikwa, mahali hapo pana mwenyewe, hata polisi hupita pembeni. Nilitandika langu kwenye kitanda cha chini cha dabodeka, nikaenda kupiga mswaki meno yangu, ambayo wakati wa kazi hiyo huwa nayashika mkononi. Kurudi namkuta Iñaki, kijana wa Bilbao, mrefu kama nguzo ya umeme, kalilalia. Nikamwambia, "Kijana, hilo taulo ni langu." Akasema, "Asante babu, nilidhani ni zawadi ya hosteli!" Nikapanda juu. Goti langu lilitamka maneno ambayo siwezi kumwandikia mtu anayeimba kwaya kanisani kama wewe.

3. Dirisha. Aliyelelewa vizuri hufungua dirisha kila asubuhi, iwe theluji, iwe mafua. Nikafungua. Agata, binti wa Palermo anayelala na kofia ya sufu, akapiga kelele kutoka ndani ya blanketi: "Babu, sisi samaki? Unatugandisha utuuze?" Akafunga. Nikafungua. Akafunga. Tukaendelea hivyo hadi mkate ukaisha mezani na majirani wa chumba cha tano wakaja kukuita. Nawe ukaamua kumtoa mwenye haki, ukambakiza mwenye kofia.

4. Kule jikoni kuna rafu ambayo mgeni anayeondoka huwaachia wenzake chakula kilichobaki. Mimi niliweka mtungi wa kabichi yangu ya kuchachusha, ile kali, inayomtoa mtu machozi kabla hajafungua mfuniko. Niliiweka kwa nia safi ya kuwakomoa. Wakaila yote! Wakaja hadi kitandani kwangu na mtungi mtupu: "Babu, iko nyingine?" Ni kumpokonya mtu mzima furaha yake.

5. Waliniuliza habari za daraja la mawe. Nikawaambia lilijengwa na babu yangu, wikendi moja, akiwa na homa. Wameamini. Sasa wanamsahihisha mwongoza watalii mbele ya umati, naye ananitafuta.

Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini hitimisho hata mbuzi analiona: vijana hawafai kukaa katika hosteli za vijana. Wana migongo mizuri, wanaweza kulala popote, hata juu ya ngazi za kituo cha treni. Anayehitaji chumba cha watu wanane ni mzee. Tangu mke wangu Walburga afariki, kinachokoroma nyumbani kwangu ni friji, nayo hata kukoroma haijui. Kwa hiyo watoe wao, uturudishe sisi, na hilo neno "vijana" kwenye kibao lipakwe rangi.

Nisalimie mkeo, mpishi, yule mwenye kufagia ngazi huku akipiga mluzi, na hata chumba cha tano, wachongezi wale.

Wako mwenye begi,
Alois Stadlbauer

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha mlango ukagongwa. Ni hao wa chumba namba nne. Wanasema siku zao kwako zimekwisha, vitanda vyote vimechukuliwa na wanakwaya, na mji mzima umejaa. Iñaki kajinyoosha sebuleni, miguu iko koridoni. Agata anapika makaroni na kunigombeza kwamba chumvi yangu haina chumvi. Mwingine, ambaye jina lake bado sijalishika, anakoroma hivi sasa, mchana kweupe, vizuri mno. Basi futa yote niliyoandika, kuanzia moja hadi tano. Kitanda changu mpe mtu mwingine. Vijana waache wajae, wakikuzidi wasukumie huku.

Ila shuka hazitoshi. Unakumbuka nilivyokubebea kabati la mama mkwe wako hadi ghorofa ya tatu, ukanishika bega ukasema, "Mzee Alois, siku ukiwa na shida niambie"? Siku yenyewe ni leo. Niletee shuka, na foronya kama zipo. Pita mlango wa nyuma. Wa mbele haufunguki, umezibwa na viatu.