Kaka Amekataa Kuvuka

Leo nimeaibika, tena mbele ya jeneza la kaka yangu Maduhu.

Tulimchukua hospitali asubuhi ili tukamzike nyumbani Sengerema saa kumi. Lori niliendesha mimi. Kabini nilikaa na mjane wake, shemeji Nyanjige, aliyejifunika khanga usoni. Nyuma, ndugu walilizunguka jeneza wakiimba. Kitambaa chekundu nilikifunga mwenyewe ubavuni mwa kabini, watu wajue tumebeba msiba.

Tulipopita Buhongwa, lori likaishiwa nguvu. Halikuzima. Nakanyaga mafuta, linavuta pumzi kwa shida, kama Maduhu wiki yake ya mwisho. Moshi mweusi ukatanda. Wimbo ukakatika.

Nikasimama, nikazima. Nikafungua chujio la dizeli nimwage maji (hayakuwemo), nikapampu kwa mkono, nikawasha. Injini safi kabisa. Tukaenda kama nusu kilomita, likalegea tena.

Nikashuka, nikaenda nyuma kwa ndugu. Yale mawe makubwa ya kando ya barabara kama yanatutazama.

"Si injini," alisema shangazi, mkubwa wetu. "Maduhu hataki kuvuka ziwa. Kuna mtu amemkosea. Aseme."

Wote wakanigeukia. Kwetu maiti ikigoma, mwenye kosa huongea nayo. Na kosa nilikuwa nalo. Nikashika jeneza, nikamwambia kaka kwamba baiskeli yake haikuibwa Mkuyuni. Niliizamisha ziwani nikiiosha, nimelewa.

Nikawasha. Lori likanguruma vizuri! Nywele zikanisimama.

Nusu kilomita. Moshi.

"Kuna lingine," akasema shangazi.

Lilikuwepo. Na pantoni ya Kigongo, ya kutuvusha ziwa, ilikuwa haitungoji. Nikasema kwa sauti, ukoo mzima ukisikia: "Kaka, uliponiita hospitali sikuwa safarini kama nilivyosema. Nilifika getini, nikageuka. Niliogopa kukuona ulivyokonda." Nikalia mpaka kamasi.

Tukaondoka. Nusu kilomita, moshi. Nikamwambia shemeji dhambi zimeniishia, na za uongo siwezi kutunga.

Akafunua uso, akachungulia dirishani upande wake.

"Shemeji, usiachie mafuta kwanza. Hiki kitambaa chako kinafanya nini kwenye bomba?"

Bomba la kuvutia hewa. Nikikanyaga, injini inakinyonya kitambaa, kinaziba mdomo wote. Nikisimama, kinaachia, kinaning'inia kwa adabu zake. Moshi mweusi ni injini kukosa hewa. Dereva yeyote wa dizeli anajua. (Mimi huwa nawafundisha wengine.)

Nikakifungua. Nyuma watu walicheka hadi wakashikilia jeneza wasianguke. Shangazi peke yake hakucheka. Alisema kitambaa ni kitambaa, lakini baiskeli haikujizamisha.

Lori likakimbia kama jipya. Sikuweza kumtazama shemeji. Tulipokaribia Kigongo, pantoni ikiwa bado inapakia, nilimwomba msamaha wa lile la getini.

"Alikuona," akasema. "Kitanda chake kilikuwa dirishani. Ulijificha nyuma ya mama muuza ndizi, na wewe ulivyo mrefu! Alicheka mpaka nesi akaja. Akasema tusikuite tena, tusikutese."

Tulivuka, na saa kumi tulimzika.

Sasa naombeni asinicheke mtu. Marehemu alishacheka kwa niaba yenu nyote.