Pointi Moja ya Mama

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Rupert Haddow, katibu wa klabu yetu ya tenisi ya Wexcombe, ametangaza kwenye kikao kwamba kitabu chake kinakwenda kuchapwa Jumatatu ijayo. Historia kamili ya mashindano yetu ya kwenye nyasi, tangu yalipochezwa bustanini kwa kasisi mwaka 1887, mashine ya kukata majani ikivutwa na farasi aliyevalishwa viatu vya ngozi asichimbe uwanja. Habari ya viatu hivyo niliigundua mimi! Imo katika kijitabu changu cha 1998, ukurasa wa nne. Haddow ameniibia viatu vya farasi mchana kweupe.

Hilo ningelimeza. Lakini nilimwuliza ameandika nini kuhusu 1963. Akasema kilekile kilichopo kwenye ubao wa mabingwa. Kila mwaka pana jina la mwanamke aliyeshinda, kwa rangi ya dhahabu. Mwaka 1963 pana neno moja tu: MVUA.

Mama yangu, Doreen Pocock, alicheza fainali ile. Seti ya kwanza kashinda, sita kwa nne. Ya pili anaongoza tano kwa tatu, arobaini kwa kumi na tano, na ni yeye anayeanzisha mpira. Pointi moja tu awe bingwa! Moja! Mwamuzi akasimamisha mchezo kwa ajili ya mvua, mpinzani akapanda treni kesho yake kwenda kuanza kazi mjini, na kamati ikasahau kupanga siku nyingine. Maisha yake yote Mama hakupita mbele ya ubao ule bila kuutazama. Nilikuwa nikimwona, na iliniuma.

Nikaiomba kamati impe ubingwa wake. Haddow akanipigapiga begani, akasema, "Mervyn, ndugu yangu, karibu kushinda si kushinda." Tukapiga kura. Saba kwa moja. Ile moja ilikuwa yangu.

Jumanne, 10 Juni

Mpango mpya, bora kuliko wa jana. Mpinzani wa Mama yu hai! Bi Edwina Crabbe, miaka themanini na minne, amestaafu na kurudi hapahapa Wexcombe. Nikachapa barua ya yeye kukiri kwamba angeshindwa tu, nikaacha nafasi ya sahihi, nikamchukulia kikapu cha stroberi na krimu nzito.

Alinikaribisha chai. Akala stroberi zote, moja moja, huku akisoma. Kisha akaomba kalamu. Nikampa upesi! Akasahihisha koma mbili, akanirudishia barua. Alisema mama yangu alikuwa anaongoza, sawa, lakini yeye alishawahi kutoka nyuma zaidi ya pale. Kama naitaka ile pointi, nikaichukue uwanjani. Doreen hayupo tena, Mungu amrehemu, basi mwanawe anatosha.

Nilitoka pale nikirukaruka. Bibi anatembelea fimbo! Mimi nina sitini tu. Nahitaji pointi moja, na nina nafasi mbili za kuipata kabla hajanifikia.

Jumatano, 11 Juni

Haddow aliposikia alicheka mpaka akatafuta kiti. Nikamfungulia kitabu cha kanuni. Kanuni ya kumi na moja: mechi iliyokatizwa na mvua itaendelea palepale ilipoishia, uwanja uleule, pande zilezile, alama zilezile, siku itakayopangwa na kamati. Haisemi popote kwamba wachezaji sharti wawe hai.

Akaacha kucheka. Nikaona anavyoanza kuhesabu kichwani tiketi za viti. Akasema itachezwa Jumamosi, wachezaji wa kulipwa wa mashindano ya mwaka huu wakimaliza nusu fainali zao, kwenye uwanja namba mbili ambao ndio uliokuwa mkuu zamani hizo. Mwamuzi atakuwa yeye mwenyewe. Na nikishindwa, jina la Edwina Crabbe litaandikwa kwa dhahabu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia nimelifikiria sana.

Jioni nikamsimulia mke wangu, Glenys. Aliniuliza raketi niliishika lini mara ya mwisho. 1991. Akasema, "Haya, baba, kazi unayo. Yule bibi anaogelea baharini kila asubuhi, Januari mpaka Disemba. Fimbo ile ya kufukuzia mbwa." Glenys ana tabia ya kunikatisha tamaa.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi. Nimepiga mpira kwenye mlango wa gereji. Wa tatu ukaruka ukuta, ukaingia kwenye banda la vioo la jirani. Nyanya zake zimesalimika. Vioo, hapana.

Basi nikaacha mazoezi. Penye akili hapahitaji nguvu. Nimekwenda kwa Alun Prosser, mtunza viwanja, na chupa mbili za mvinyo wa tufaha. Ombi langu dogo: uwanja namba mbili, upande wa Bi Edwina, asiukate majani mpaka mechi ipite. Kwenye nyasi ndefu mpira hauruki, unalala. Bibi wa miaka themanini na minne atainama mara ngapi?

Upande wenyewe naujua. Mama aliandika katika daftari lake: "Tulikatizwa kibanda cha chai kikiwa nyuma yangu." Basi Edwina yupo upande wa pili. Alun aliuliza, "Ule wa mbali na kibanda, bosi?" Nikamwambia huohuo. Hakuuliza tena, alikuwa anatafuta kizibuo.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua kutwa nzima. Nimekaa dirishani. Ikinyesha na kesho, Haddow ataandika MVUA mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Nianzie wapi! Jua. Watu mia sita. Edwina alikuja na sketi nyeupe na raketi yake ya mbao ya 1963. Haddow alikuwa juu kwenye kiti kirefu, kipaza sauti mdomoni. Nikatembea kwa madaha hadi upande wangu, kibanda cha chai nyuma yangu.

Haddow akakohoa. Akawatangazia watu kwamba kibanda cha chai kilihamishwa mwaka 1971, kutoka upande wa kaskazini kwenda kusini, kama alivyoandika Bwana Pocock mwenyewe katika kijitabu chake, ukurasa wa ishirini na mbili. Watu wakapiga makofi. Nikavuka kwenda upande wa pili. Mvua ya jana ilikuwa imezistawisha zile nyasi, zilinifika kwenye vifundo vya miguu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nafasi ya kwanza: mpira wavuni, na wa pili ndani ya kikombe cha mama mmoja mstari wa mbele. Nafasi ya pili: mpira ukaingia! Edwina akaurudisha polepole, ukatua kwenye majani yangu, ukakaa humo. Tulilazimika kuutafuta. Arobaini kwa arobaini, sare.

Edwina akaja wavuni, akachungulia. "Rupert, huku mnafuga ng'ombe?" Alun akaitwa. Alun ni mtu mkweli, na akishakunywa huzidi ukweli. Alitaja yote: siku, maneno, hadi idadi ya chupa. Watu waliangua kicheko. Haddow akasimama juu ya kiti chake, uso unang'aa, akasema huo ni udanganyifu, mechi imekwisha, bingwa wa 1963 ni Edwina Crabbe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mvua ilimnyima Mama pointi moja. Mimi mwanawe nilikuwa nimempokonya hata ile haki ya kuingoja.

Edwina akasema, "Kaa chini, Rupert, utaanguka." Kisha akaongea, na kipaza sauti kikanasa kila neno. Alisema siku ile hapakuwa na mvua. Paliingia wingu tu. Yeye ndiye aliyemwambia mwamuzi kwamba anahisi matone, na mwamuzi, mzee mwenye miwani mizito, akaamini. Mvua yenyewe ilianguka dakika kumi baadaye, watu wote wameshajibanza ndani. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na Doreen alikuwa ananimaliza. Nimeibeba pointi ile miaka sitini na miwili, na ni nzito. Sasa mimi mwongo na huyu mlaghai. Tuko sawa. Anzisha mpira, mwanangu."

Haddow akakaa.

Nikaanzisha. Edwina akapiga wavuni. Sasa nilibakiza pointi moja, kama Mama! Nikaanzisha tena, mpira ukaenda kwa kujikokota, naye akaurudisha kwa nguvu zake zote, umeelekea usoni pangu. Nikafumba macho, nikajikinga kwa raketi. Nikasikia "ko!" Nilipofumbua, mpira ulikuwa umekaa juu ya utepe wa wavu, unafikiria. Kisha ukaangukia upande wake.

Na Edwina alikimbia! Asije mtu akasema aliniachia. Alikimbia, akajitupa, raketi ikapungua upana wa kidole. Akatangaza mwenyewe hapo chini alipolala, kabla ya Haddow: "Sita nne, sita tatu. Doreen."

Nikakaa kwenye nyasi zangu ndefu nikalia kwa sauti, wala sikuona haya. Glenys akaja kuniinua. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la maua.

Jumatatu, 16 Juni

Ushindi! Mchora herufi alikuja asubuhi. Akaifuta MVUA kwa kitambaa na dawa yenye harufu kali, akaandika DOREEN POCOCK, dhahabu mbichi. Haddow imembidi awapigie simu wachapaji wasimamishe mashine. Edwina alisimama kando yangu akasema limekaa vizuri. Nami nikatazama ubao kwa niaba ya Mama, muda mrefu, nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

Glenys akaniapisha hapohapo: mwisho wa mipango, mwisho wa chupa, mwisho wa hila. Nikaapa. Kwa moyo wote, tena mbele ya mashahidi.

Kisha macho yangu yakateremka mstari mmoja. 1964. Mwaka huo Mama alitolewa nusu fainali na Marjorie Tweddle, kwa pointi mbili tu. Daftari linasema palikuwa na upepo mkali. Upepo! Kanuni ya kumi na mbili inazungumzia upepo.

Nimeulizia. Marjorie yupo Dundee, mbali huko kaskazini, ana miaka themanini na tisa, na goti moja ni la bandia. Treni inaondoka kesho saa mbili asubuhi. Glenys nimemwambia nakwenda kwa daktari wa meno.