Maji Chini ya Ngome Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Bahati! Tata Mpoyi, mwenye chumba cha kompyuta hapa Musonoi, anaenda Musumba kwenye harusi mwisho wa wiki. Atakayekuwa wa kwanza kufikia shaba katika mchezo wa kujenga ngome ndiye atakayeshika ufunguo wa chumba hadi arudi. Tumebaki wawili: mimi, Barnabé, na Laure, anayeuza unité, yaani vocha za simu, mlangoni. Laure! Amejifunza mchezo juzi tu. Na Ngalula, binti wa Tata Mpoyi, hushinda humo chumbani. Ufunguo ni wangu.

Jumanne, 4 Juni
Mchezoni nimechimba ngazi haraka. Ghafla udongo ukatoa maji. Pande zote! Vijitu vyangu vikazama huku vimeshika sururu. Sielewi. Pale juu palikuwa pakavu! Laure akaniambia kwamba udongo ule umebeba maji, eti niuzibe kwa ukuta wa mawe kabla ya kushuka. Nikajibu kwamba najua.
Sikujua.

Jumatano, 5 Juni
Ngome mpya. Kuta za mawe. Safi! Zimezuia maji. Zimezuia vijitu pia: vyenyewe ndani, chakula nje. Nani aliviambia vijenge vikiwa ndani? Nikaweka pompi ya maji. Maji yakapanda hadi vitandani. Pompi inavuta au inasukuma? Ngalula akauliza kwa nini watu wangu wanalala majini. Nikasema kuna joto.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemchungulia Laure. Kumbe anaangusha bonge la udongo mkavu ndani ya maji, kisha anachimba katikati yake. Rahisi! Nami nikaangusha langu. Kubwa kuliko lake. Kishindo! Nikatafuta vijitu. Vilikuwa chini ya bonge. Amebaki mpishi peke yake. Nimeumia kweli.

Ijumaa, 7 Juni
Laure ameona shaba. Tata Mpoyi akampa ufunguo, watu wakapiga makofi. Laure akanishika bega: “Barnabé, ziba kwanza, ndiyo ushuke.” Mbele ya Ngalula! Nikaeleza kwamba kompyuta yangu ni mbovu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama Brigitte, mke wa Tata Mpoyi, anataka kisima uani. Wachimbaji wamemwambia udongo wa pale unabomoka, lazima wajenge kingo. Waoga! Nikamwambia: “Mama, niachie mimi. Kuchimba kwenye maji nimekuzoea.” Akanitazama sana, akasema atafikiri. Maana yake amekubali. Nimeshaazima koleo.
Ngalula naye akaja mbio kuniuliza kama najua kuogelea.
Kumbe ananipenda!