Nisipokwenda Mimi, Ataenda Getrude

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Kifua tena! Nilikuwa napandisha debe la kahawa kutoka bondeni, nikabanwa kama mtu kanikalia. Nikakaa. Kikaachia. Nikainuka. Kikabana. Debe likaporomoka, kahawa zikaishia shambani kwa jirani, na jirani mwenyewe ni Getrude! Kaziokota zote. Anasema ni zake, zimeanguka mtini. Zote? Siku moja?

Nikaenda misheni kwa Sista Hildegardi, ndiye daktari wetu. Kanibandika waya kifuani, mashine ikachora milima milima, yeye kakunja uso. Anasema haimwambii kitu. Vidonge vya tumbo nimemeza, vya presha nimemeza, bado. Kilichobaki ni Dar. Kuna hospitali mpya ya kulipia, wafadhili wa misheni watalipa. Wanatoboa pajani, wanapitisha mrija mwembamba kama waya wa breki ya baiskeli, unapanda ndani ya mshipa mpaka moyoni. Wanamwaga dawa, wanatazama kwenye televisheni wapi pameziba.

Nikamuuliza, na mimi wakati huo niko wapi? Kasema upo hapohapo, macho.

Macho!

Kanipa mpaka Jumapili nifikiri. Gari linaondoka Jumatatu alfajiri. Nafasi ni moja. Nisipokwenda mimi, anayefuata ni Getrude, naye kifua kinamsumbua.

Getrude! Tangu lini ana kifua?

Jumanne, 6 Agosti

Sijapata usingizi. Mrija naogopa. Lakini Getrude akienda Dar akarudi, nani atanisikiliza tena hapa? Alikwenda Songea kung'oa jino, tukasimuliwa jino mwaka mzima. Sasa moyo je?

Mume wangu Vitalis ni mtu wa maneno ya kuhesabu. Kasema nenda. Nikamwambia na nikifa? Kasema basi usiende. Akaendelea kuchomeka mpini wa jembe. Msaada gani huo, jamani!

Akili imenijia. Getrude akatae mwenyewe. Akishakataa, na mimi nakataa kwa raha zangu. Nikaenda kwa Bonifasia anayeuza vitumbua njia panda, nikamwambia kwa siri kabisa. Ukimwambia Bonifasia kwa siri, mpaka mchana Mbinga yote inajua. Nikasema kuna mama mmoja huko Dar, mrija ulipotea njia, ukatokea sikioni.

Bonifasia kauliza sikio lipi. Sikuwa nimejiandaa! Nikasema la kushoto, upande wa moyo. Kanipa kitumbua cha bure.

Jumatano, 7 Agosti

Imefika! Asubuhi Getrude kapita uani kwangu mdomo kaufunga, mkono sikioni. Nilicheka peke yangu jikoni.

Ila na mimi kila mtu ananiuliza, mama Glorious, unakwenda huendi? Nimechoka. Nikapanda basi nikashuka ziwani, Lundo, kwa mdogo wangu Lidia aliyeolewa na mvuvi. Nimemsimulia ya sikio. Tumecheka mpaka shemeji katoka nje.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepona! Kutwa natembea mchangani na Lidia, kifua kimya. Nimekula samaki na ugali wa muhogo, kimya. Kumbe mgonjwa si mimi, ni ule mlima wetu! Hapa hakuna pa kupandisha, ndiyo maana sijasikia mtu akilalamika kifua.

Nimeshapanga. Vitalis auze shamba, tuhamie. Lidia kasema, dada, shemeji Vitalis anaogopa hata maji ya kuoga, ziwani atafanya nini? Halafu huku kwao wengi ni Waanglikana. Nikamwambia Mungu ni yuleyule, na kanzu za mapadre wao karibu zinafanana na za wetu.

Ijumaa, 9 Agosti

Hatari!

Kaja mnunuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, anaitwa Meshack, anatoka Chiwanda. Mtu makini, anavaa saa. Kasema huko wamesikia habari ya kipimo cha moyo Dar. Mrija umemtoka mama wa watu masikio yote mawili! Madaktari wakakosa la kufanya, wakaufunga fundo. Sasa yule mama hasikii kitu isipokuwa taarifa ya habari.

Samaki akaniponyoka. Mimi nilisema sikio moja. Haya ni mawili! Maana yake jambo limetokea kweli, mimi nilibahatisha tu. Na Chiwanda kule karibu na Msumbiji, Bonifasia wanamjulia wapi?

Lidia kaniuliza, dada, si ndiyo ileile uliyonisimulia juzi? Nikamwambia, ebo! Ile ilikuwa ya uongo. Hii imeletwa na mtu mwenye saa.

Siendi Dar. Hata wanibebe, siendi.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika mkono hauna nguvu.

Basi la kurudi Mbinga lilishindwa kupanda mlima. Konda kashusha watu wote tutembee. Nikasema mimi mgonjwa. Kanijibu, mama, tangu Mbamba Bay unatuhubiria umepona, shuka bwana. Watu wakacheka. Nikashuka.

Sikufika mbali. Safari hii hakikubana, kilikamata. Kikapanda tayani, kikashuka mkononi, jasho la baridi. Nikakaa kwenye jiwe. Watu wamenizunguka, wote wananitazama, na mimi sina neno! Umati wote ule, neno sina! Nikamfikiria Glorious wangu na mimba yake ya kwanza. Nikaona mtoto anazaliwa, watu wanaulizana kafanana na nani, na mimi sipo kujibu.

Konda ndiye kanishika mkono, maskini, anatetemeka kuliko mimi. Kikaachia pole pole.

Nimeamua. Mrija utoke masikioni, utoke puani, utokee unapotaka. Mdomo ubaki.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa nikamfuata Sista. Shikamoo Sista, nakwenda. Kafurahi. Halafu kasema Getrude kafuta jina lake, hataki kabisa, mwenzako alikuwa analia. Na hali yake si nzuri.

Nikatazama viatu vyangu. Kwani nilijua anaumwa kweli? Nilidhani ananiiga.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimerudi mzima! Daktari wa Dar kaniomba ninyamaze, nikiongea picha ya moyo inachezacheza kwenye televisheni. Mshipa mmoja ulikuwa umebana, wakaupanua palepale. Maumivu? Kutoa funza kunauma zaidi. Leo nimepanda kutoka bondeni mikono mitupu, kifua kimya.

Jioni ua umejaa. Getrude kakaa pembeni, kanyong'onyea, kauliza kwa sauti ndogo, mwenzangu, na masikio? Nikaona leo niseme kweli. Nikasema masikio hayahusiki, hakuna kitu.

Hakuna aliyeniamini! Bonifasia kasema walinipa dawa ya kusahau. Getrude kasema naficha makusudi ili aende akafe. Akaondoka.

Kweli nimeisema mara moja, na matokeo ndiyo hayo.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimepata akili nyingine. Asubuhi njia panda nikamwambia Bonifasia, kwa siri kabisa, kwamba Sista kashamkata Getrude kwenye orodha. Nikasema kile kipimo ni cha mioyo ya maana, wa Getrude ni wa kawaida tu, haufai kupelekwa Dar.

Vitumbua havijaisha, Getrude huyo! Kapita mbio na kitenge cha Pasaka, anauliza njia nzima nani kasema moyo wake wa kawaida. Kelele zake misheni nimezisikia nikiwa nyumbani. Sista kamwandika safari ya Septemba. Kasema hakumbuki kumkata, lakini Getrude hakumpa nafasi ya kusema.

Nimeshukuru Mungu. Kwa kweli nimelia kidogo.

Ila nimekaa nikafikiri. Getrude anakwenda Dar, anatobolewa, anarudi. Atasema nini? Nani atajua? Mchana nimekwenda kwa Sista kumweleza kwamba mgonjwa kama yule hawezi kusafiri bila mtu, na mimi njia naijua. Lazima awepo wa kushuhudia. Namfahamu Getrude, anaongeza chumvi.