Usingizi wa Mzee Sila

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Daktari Hana, bingwa, amefika kutoka Dar na waya wake na kiputo cha kupanulia mishipa! Alhamisi atafungua mshipa wa Mzee Sila, mfugaji. Mshipa mkubwa wa kifuani umeziba, damu ya kichwani haina pa kushukia, uso umeumuka kama andazi. Nani atasimamia usingizi? Mimi, Optatus, miaka tisa kwenye gesi! Nikimpendeza bingwa, kozi ya Dar ni yangu. Kikwazo: Evelina, mwenzangu wa usingizi. Anasoma vitabu.

Jumanne, 6 Agosti
Kikao. Evelina kasema Mzee asilazwe kabisa. Eti abaki macho, ameketi, apigwe ganzi ya paja tu, waya upitie hapo. Eti akilala chali pumzi itakata. Eti dripu iwekwe mguuni, dawa ya mkononi haitafika moyoni. Nikacheka peke yangu. Kazi akapewa yeye. Jioni nikamwambia matroni kwamba Evelina ana homa, kazi ikarudi kwangu. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 8 Agosti
Aibu! Nilimwamkia Mzee, nikamwomba alale chali kidogo tu. Akasema, "Mwanangu, tangu mwezi wa tano silali hivyo. Nikilala nakufa." Nikamwambia hiyo ni hofu. Nikamlaza. Midomo ikawa zambarau, macho yakamtoka! Nikahangaika na dripu mkononi. Mkono ukazidi kuvimba. Nikasahau hata jina langu. Mlango ukafunguka: Evelina, buheri wa afya. Akamkalisha Mzee, akampa oksijeni, akamsemesha Kigogo polepole mpaka pumzi ikarudi. Mimi nilikuwa ukutani. Niliogopa kweli. Kisha ganzi pajani, dripu mguuni. Mzee akasimulia ng'ombe wake mmoja mmoja hadi kiputo kikafungua mshipa.

Jumamosi, 10 Agosti
Uso wa Mzee umenywea. Kumbe ana kidevu! Amelala chali, anakoroma. Alipoamka alimwita Evelina "binti yangu", akaomba mimi nisisogee kitandani. Kozi kapewa Evelina. Daktari Hana akaniita pembeni, akasema kwanza nimsikilize mgonjwa, ndipo nimguse. Niliitikia kwa unyenyekevu mkubwa. Maneno mazito sana. Nimeyapigia mstari.

Jumatatu nina mama mmoja kutoka Nkuhungu, ana goita kubwa shingoni. Anadai akilala chali anakabwa.

Anadeka huyo. Nitamlaza.