Kipepeo Asiye Mchungu

Jumatatu, 2 Desemba 1974. Mtito Andei.
Shangazi Syokau ametangaza: nisipopata kazi kufikia Jumapili, nirudi Tawa nikalime ndengu. Mimi! Mtu wa miaka thelathini na moja! Lakini Mungu si Athumani. Daktari Abdulkadir, si wa sindano, wa wadudu, amefikia loji ya hapa na anataka msaidizi mmoja. Nilimweleza kwamba jina langu, Nzuki, kwa Kikamba ni nyuki. Kwa hiyo mimi na wadudu ni ukoo. Akaandika jina langu. Akaandika pia la Kilonzo, yule wa kujaza petroli, anayejiona sana.

Jumanne, 3
Mtihani: atakayeleta jike na dume la kipepeo mwigaji kufikia Ijumaa ndiye mwenye kazi. Kumbe kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, mchungu, ndege hamgusi. Jike la mwigaji huvaa rangi zile zile, na uchungu hana hata chembe. Ujanja mtupu! Nilimpenda papo hapo. Daktari alikuwa bado anaeleza, lakini mimi nilishatoka mbio na chandarua cha Shangazi.

Jumatano, 4
Nimeshika kumi na wawili. Wote sawasawa! Nilionja mmoja. Sitaandika zaidi.
Jioni akili ikafunguka. Kuku wa Shangazi, yule aliyewekwa kwa ajili ya mchungaji wa kanisa! Atakayemkataa ni mchungu. Atakayemla ndiye wangu. Kipepeo mmoja mweusi mwenye madoa meupe alinisumbua nikiwaza. Nilimfukuza kwa kofia.

Alhamisi, 5
Ushindi! Kuku alikataa kumi. Wa kumi na moja akammeza, akatazama kama kuna mwingine. Nimempata mwigaji! Nilimwita Shangazi aje aone. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha kuku. Shangazi akaingia ndani, akaanza kukunja nguo zangu.

Ijumaa, 6
Nilimpelekea Daktari kuku. Nilimweleza kwamba ushahidi umo ndani. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kilonzo akafungua mkebe: jike la rangi ya chungwa na dume jeusi lenye madoa meupe. Nilipinga! Ndoa gani hiyo, bibi chungwa, bwana mweusi? Daktari akasema ndivyo walivyo. Eti jike hujulikana kwa doa moja tu jeusi kwenye bawa la nyuma. Yule mchungu ana matatu au manne. Kilonzo alijuaje? Alibaki akisikiliza. Akaniambia, "Nzuki, si ungengoja tu mtu amalize?" Kazi ni yake.

Jumamosi, 7
Shangazi ameshafunga nguo zangu. Nililia kidogo, nakiri. Lakini Daktari amenihurumia! Anataka kujua walipo nyoka wawili wanaofanana, mmoja wa sumu, mwingine mwigaji. Nikifaulu, nitakuwa msaidizi wa pili. Akaanza kusema nisije nika... nini sijui, lakini nilikuwa nimeshafika barabarani.
Kuwatofautisha ni rahisi. Nitawaonjesha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Sikitumii sana.